Sura ya Sita: Mfuko Wenye Pembe Mbili

Inspekta Hilari Masolwa alikuwa na chupa ya chai ya moto kwenye kikapu cha baiskeli, na hakuwa na mahali pa kuinywea. Ramadhani ilikuwa imeingia juzi. Yeye alikuwa Mmoravian wa Sikonge, mtoto wa mrina asali, na saumu haikumhusu hata kidogo. Ila alilelewa kwa adabu, na mtu mwenye adabu hanywi chai mbele ya jirani aliyefunga. Mkewe Flavia alimwambia atafute kichochoro. Basi tangu asubuhi Masolwa alikuwa akitafuta kichochoro, na kila alichoingia aliwakuta wazee wameketi kivulini, wanamsalimia kwa upole huku wakiitazama ile chupa.

Kwa hiyo alifika nyumbani kwa Mzee Majid Humaidi akiwa na kiu, na kiu humfanya mpelelezi asipende maneno mengi.

Mzee Majid hakuwa mtu wa kutambulishwa Tabora. Udi wake ulijulikana katika kila stesheni ya reli kuanzia Dodoma mpaka Kigoma, na harusi iliyofungwa mjini bila yeye kupiga, watu walisema ndoa hiyo bado haijakaa sawa. Lakini aliyekwenda kituoni kuripoti hakuwa yeye. Alikuwa binti yake, Tufaha, ambaye sasa alikuwa ameketi juu ya mkeka uani, akichambua choroko za futari pamoja na bibi yake, Bi Thuraya, mama mzazi wa Mzee Majid.

"Naomba uanze mwanzo, binti."

"Nimeshaanza mwanzo kule kituoni, afande. Gitaa langu limeibiwa."

"Halijaibiwa mpaka mimi niseme limeibiwa. Kwa sasa limepotea. Uliliona lini mara ya mwisho?"

Tufaha akaacha choroko. Alikuwa msichana mrefu, mwenye vidole vigumu nchani kwa ajili ya nyuzi, na aliongea haraka.

"Siku ya vunja jungu. Tulikwenda Kwihara familia nzima, tukapika pilau, nikawapigia binamu zangu nyimbo. Tuliporudi mikono yangu ilijaa masufuria. Nikaliegemeza gitaa sebuleni, pale chini ya dirisha, nikaenda kuosha vyombo, nikapitiwa na usingizi. Asubuhi ya mfungo wa kwanza halipo."

"Na amplifaya?"

"Ipo. Waya wake upo. Gitaa tu ndilo halipo."

Masolwa akaingia sebuleni kutazama. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo la chuma la tangu enzi ya Mjerumani, zima, halikuguswa. Dirisha lilikuwa na nondo. Amplifaya ilikuwa imekaa kwenye kona yake, na ilikuwa na thamani kuliko gitaa lenyewe. Akapiga goti chini ya dirisha. Sakafuni palikuwa na punje ya kitu cha manjano. Akaiokota, akaisugua kwa kidole gumba, akainusa. Mtoto wa mrina asali hakuhitaji kuuliza: nta ya nyuki, safi, ya msitu wa miombo.

"Nani anatumia nta humu ndani?"

"Baba," Tufaha akasema kutoka mlangoni. "Ndiyo kawaida ya nyumba yetu tangu mababu. Mwezi ukiandama, anazikusanya ala zote, udi, fidla na ganuni, anazilegeza nyuzi, anazipaka nta, anazivisha mifuko yake ya mahameli ya kijani na kuzifungia kwenye kasha. Hazitoki mpaka Idi. Anasema nazo zinafunga."

"Ala hizo hukaa wapi siku nyingine?"

"Ule ukuta wa pili."

Ukuta wa pili ulikuwa mtupu, misumari tu. Masolwa akautazama, kisha akatazama tena chini ya dirisha.

"Na gitaa lako halikuingia kwenye kasha?"

Tufaha akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Gitaa langu? Mwaka jana nililiacha hapa hapa siku kama hiyo. Alikusanya ala zake zote, akalipita langu kama mtu anayepita ufagio. Nililia, afande, sitakuficha. Kwa baba yangu lile si ala. Ni kelele za karakana."

Masolwa akaandika hilo. Kuhusu ile nta, akajiambia kuwa nta hutembea na nyayo.

Wakati huo mlango wa chumba ukafunguka, akatoka Mzee Majid mwenyewe, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi. Tufaha akageuza uso kuelekea dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Inspekta. Karibu. Samahani hatukukaribishi kitu." Akamtupia binti yake jicho, akaliondoa. "Mwambie huyo kwamba katika nyumba hii hakijawahi kuibwa kitu, hata kijiko."

Binti alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuguswa. Masolwa akamtazama.

"Mwambie baba," akasema Tufaha akiliambia dirisha, "kwamba sikusema ameiba mtu wa nyumba hii."

"Amesema—"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Masolwa alikuwa na watoto wanne, na hali hii aliielewa. Akageukia kazi. "Mzee, asubuhi ile ya mfungo wa kwanza, uliliona gitaa sebuleni?"

"Asubuhi ile niliona ukuta."

"Unamjua mwizi wake?"

"Simjui mwizi yeyote wa gitaa, Inspekta. Mwenyezi Mungu ni shahidi yangu, na leo nimefunga."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa zuri mno, na Masolwa akaliweka akiba. Kuna watu wanaojibu swali, na kuna wanaojibu maneno ya swali tu, wala hawaongezi hata chembe.

Bi Thuraya alimsindikiza hadi mlango wa uani, akajikongoja kwa makusudi ili apate kusema naye.

"Usiwaone hivi, mwanangu. Huyu mtoto alijifunza udi mapajani pa baba yake hata meno ya mbele hajaota. Akikua kidogo, anaimba naye harusini nyuma ya pazia. Tukampeleka Dar kusomea upigaji chapa. Huko akasikia hayo magitaa ya umeme, akawa hana habari na taipu. Akaanza kutunga mwenyewe. Hiyo roki yao."

"Na mzee akakasirika kwa ajili ya roki?"

"Roki haikumkera. Huyo mwenyewe ujanani alileta fidla mjini, wazee wakamwambia amelogwa. Kilichomkera ni bango. Huko Dar kila alipopanda jukwaani mtoto alitambulishwa binti Humaidi, watu wakamtaka apige nyimbo za baba yake. Akachoka. Aliporudi mwaka jana na bendi yake, akabandika mabango stesheni: TUFAHA. Basi. Jina la baba halipo. Majid alisimama mbele ya lile bango mpaka treni ya Mwanza ikaondoka. Tangu siku hiyo hawasemeshani. Mmoja anasema nimekanwa, mwenzake anasema nimedharauliwa, na mimi nachambua choroko katikati."

"Na kuna haraka gani ya kulipata hilo gitaa?"

"Kesho watu wa redio wako Kwihara na gari lao la kurekodia, kwenye kijiji cha ujamaa. Wanarekodi kwaya, ngoma na bendi za mjini, zipigwe redioni sikukuu ya Idi. Keshokutwa wanakwenda Kigoma, na kurudi kwao anajua Mungu. Mtoto ameapa: akikosa kesho, anauza hiyo amplifaya na kwenda Urambo kuwa karani wa tumbaku. Na akiapa haapi mara mbili. Amemrithi baba yake."

Kwa hiyo Masolwa alikuwa na siku moja, na mbele ya siku hiyo alikuwa na jina moja. Kila mtu Tabora alimpa jina hilo hilo kabla hajauliza: Alois.

Alois alikuwa fundi wa karakana ya reli na kiongozi wa Kaza Mwendo Jazz, bendi iliyotawala mji mpaka Tufaha aliporudi. Katika dansi la mwezi uliopita, mbele ya watu wote, alikuwa ametamka kwamba siku moja gitaa lile litakuwa mikononi mwake. Lisemwalo lipo, na Masolwa akapiga pedali mpaka Kitete, kwenye chumba cha Alois nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Njiani alisimama nyuma ya kichuguu cha mchwa ili anywe chai. Akatokea mwalimu wa madrasa akisukuma mbuzi. Chupa ikarudi kikapuni.

"Mwangaluka, Alois."

"Mwangaluka, afande." Alois alikuwa amevaa fulana na sura ya mtu aliyekuwa akitegemea mgeni mwingine. "Najua unachotafuta. Sinacho."

"Basi hutajali nikitazama."

"Chumba ni kichafu."

"Nimeoa, Alois. Nimeshazoea kuambiwa hivyo kuhusu mimi."

Hakukuwa na pa kutafuta zaidi ya uvunguni. Masolwa akainama, akavuta blanketi lililoviringishwa kwenye kitu kirefu, chembamba juu, kipana chini. Alois akakaa kitandani akashika kichwa. Inspekta akafungua blanketi taratibu.

Lilikuwa gitaa la mninga, lenye pembe mbili kama lile la Tufaha. Ila pembe moja ilikuwa fupi, shingo ilikuwa na msumari, na hakukuwa na uzi hata mmoja. Randa ilikuwa bado haijamaliza kazi yake.

"Hili ni nini?"

"Ni langu," akasema Alois kwa sauti ndogo. "Nimechonga mwenyewe. Nilimwambia kila mtu nitapata gitaa kama la Tufaha, na fundi wake wa Sikonge akakataa kunichongea la pili, akasema mti kama ule hajaupata tena. Nikasema nitachonga. Tazama lilivyotoka. Afande, nakuomba, niweke ndani kwa wizi, lakini usimwonyeshe mtu."

Masolwa aliutazama msumari uliokuwa shingoni kwa heshima iliyostahili, akalirudisha blanketi. Moyoni alicheka mpaka akasahau kiu.

"Kesi yako imekwisha. Lakini nisaidie. Gitaa likipotea mji huu, litapita wapi usilisikie wewe?"

Alois akafikiri. Alikuwa amepata nafuu kiasi cha kutaka kusaidia. "Kuna jambo moja. Kabla ya mfungo nilikwenda kwa Abasi, fundi cherehani, nikamwomba anishonee mfuko wa hili langu. Nilimchorea pembe mbili chini, mchangani. Abasi akacheka, akasema nimechelewa, kuna mtu ameshamletea kipimo cha kitu hicho hicho, na mfuko umeshachukuliwa."

"Kabla ya mfungo?"

"Shaabani bado ilikuwa na siku zake."

Masolwa alipanda baiskeli yake akiwa ametulia kuliko alivyokuja. Tabora nzima ilikuwa na gitaa moja tu lenye pembe mbili, ukiacha lile la uvunguni. Kama mtu alishonesha mfuko wake kabla halijapotea, basi mtu huyo hakupitiwa na shetani usiku mmoja. Alikaa akapanga.

Abasi alikuwa barazani mwake karibu na soko, amezungukwa na nguo za Idi zisizokwisha, sindano mdomoni. Alipomwona Inspekta, hakuitoa.

"Nashona, afande. Mji mzima unataka kanzu."

"Mimi nataka mfuko. Wenye pembe mbili."

Sindano ikatoka. "Ah."

"Nani alikuletea kipimo?"

"Afande, mteja wangu aliniomba nisiseme, nami nikamwambia sitasema. Sasa nimefunga. Ungetaka nivunje ahadi na saumu kwa pamoja?"

"Sitaki uvunje kitu. Nionyeshe kipimo tu."

Abasi akafikiri kama hilo lilikuwa ndani ya ahadi au nje yake. Akaona liko nje. Akanyoosha mkono, akatungua uzi uliokuwa ukining'inia msumarini, wenye mafundo: fundo la urefu, fundo la upana, fundo la kila pembe. Masolwa akaupitisha kati ya vidole. Haukuwa uzi wa fundi cherehani, wala wa katani. Ulikuwa laini na mgumu kwa pamoja, na ncha yake moja ilikuwa imesokotwa kitanzi. Uzi wa utumbo. Uzi wa udi, uliokatika.

Kwenye kikapu cha vibaki, chini ya mabaki ya kanzu nyeupe, kulikuwa na kipande chembamba cha mahameli ya kijani.

Masolwa akakaa kwenye ngazi ya baraza. Mambo yote sasa yalikuwa yakielekea nyumba moja, na hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Nta chini ya dirisha, mahali ambapo ala za mzee hazikuwahi kukaa. Komeo lisiloguswa. Amplifaya iliyoachwa, kwa sababu aliyechukua hakuona kuwa mashine nayo ni sehemu ya ala. Na sasa uzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Alijiona akimpandisha Mzee Majid Humaidi kwenye gari la polisi mwezi mtukufu, kwa gitaa la bintiye mwenyewe, na Tabora yote imesimama barazani.

"Abasi," akasema, "mtu akitaka kuficha kitu cha wizi, hutumia nini?"

"Gunia, afande. Gunia halina macho."

"Si mahameli."

"Mahameli?" Abasi alionekana kuumia kwa niaba ya kitambaa. "Mahameli tena ya darizi? Mwezi mzima nimeharibu macho kwenye lile jina."

Masolwa akainua kichwa. "Kuna jina?"

"Kila mfuko wa nyumba hi—" Abasi akarudisha sindano mdomoni, akaongea kwa pembeni. "Kila mfuko mzuri una jina la mwenyewe. Hilo utalisoma mwenyewe, afande. Mimi sijasema kitu."

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri Masolwa alipoketi tena sebuleni kwa Mzee Majid. Tufaha alikuwa uani. Sauti ya choroko ilisikika ikianguka kwenye sufuria. Bi Thuraya alikuwa nyuma ya pazia la korido, na pazia lilikuwa likitikisika. Masolwa akaweka ule uzi wenye mafundo juu ya meza ndogo.

Mzee akauchukua, akapapasa mafundo yake.

"Mchana uliniuliza kama namjua mwizi," akasema. "Simjui. Hakukuwa na mwizi."

"Nilikosea swali, mzee. Sasa nauliza sawasawa. Gitaa liko wapi?"

"Liko mahali pake."

Akatoa ufunguo shingoni, akafungua kasha la msaji lililokaa chini ya ukuta mtupu. Harufu ya nta ikajaa chumbani, na kwa nukta moja Masolwa alirudi Sikonge, kwa baba yake, kwenye mizinga. Ndani ya kasha mifuko ya kijani ilikuwa imelala kwa mpangilio. Udi ulikuwa na jina lake kwa uzi wa dhahabu: Msafiri. Ganuni iliitwa Hakimu. Fidla iliitwa Bi Mkubwa. Na kando ya fidla, kwenye mahameli mapya, mfuko wenye pembe mbili. Jina lilikuwa limelalia upande wa chini.

"Kwa nini hukumwambia, mzee?"

"Nimwambie nini? Katika nyumba hii, anayeacha ala yake sebuleni siku ya vunja jungu ameikabidhi kwenye kasha. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake. Huyo mtoto amezaliwa humu, anajua. Nilitoka chumbani nikalikuta chini ya dirisha. Nikasema, leo amenikabidhi. Mfuko nilikuwa nao tayari, nilikuwa nimeuficha nikitafuta namna ya kumpa. Nikafurahi, Inspekta. Nimefunga saumu ya kwanza nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo mwaka mzima. Mpaka nilipoona askari mlangoni kwangu, nikajua hakukabidhi. Alisahau tu." Akavuta tasbihi. "Baada ya hapo, ningesema nini? Kwamba mimi ndiye mwizi?"

"Mwaka jana ulilipita. Ndiyo maana hakukudhania."

"Mwaka jana lilikuwa linapiga kelele. Mwaka huu linasema. Chumba changu na chake vinagawana ukuta, nasikia kila kitu. Ule wimbo wa treni ya Mpanda, unaosimama kila stesheni kusalimia watu, nimeusikia ukizaliwa. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Huyu anasana, tena chuma chake mwenyewe."

Masolwa alifurahi mpaka akataka kumkumbatia. Lakini kesi ilikuwa bado.

"Basi tumpe. Kesho ana redio."

Mzee akafunga uso. "Kesho bado ni Ramadhani. Kilichoingia kasha hili hakitoki mpaka Idi. Hilo si kwa hasira. Ni kwa ala zote, hata huu udi nilioombwa kumpigia gavana nikakataa."

"Msafiri ana ruhusa ya kutofunga, au nimesikia vibaya? Na gitaa linasafiri kwenda Kwihara."

"Kwihara?" Mzee alikaribia kucheka. "Kwihara ni pua na mdomo. Huko hata swala hupunguzi. Jaribu jingine."

Masolwa akanyoosha mkono kwenye kasha, kwa adabu, akaugeuza ule mfuko mpya ili jina lionekane. Abasi alikuwa ameharibu macho yake kwa haki. Herufi za dhahabu zilisema: Mjukuu.

Inspekta akatoa daftari lake, akalaza penseli juu yake kama anavyofanya shahidi muhimu anapoketi.

"Mzee Majid Humaidi. Udi huu, Msafiri, una umri gani?"

"Ulikuja na babu yangu kutoka Maskati. Alitoka nao Bagamoyo kwa miguu."

"Mtu mzima."

"Mtu mzima sana."

"Na Hakimu?"

"Wa baba yangu."

"Mtu mzima naye. Bi Mkubwa?"

"Jina lenyewe limekwambia."

"Wote ni watu wazima, na wote wanafunga. Vizuri. Na huyu Mjukuu? Alizaliwa lini?"

Tasbihi ya mzee ikasimama.

"Nauliza kwa ajili ya kumbukumbu," akasema Masolwa. "Fundi wa Sikonge alimaliza kulichonga kiangazi cha mwaka jana. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ana mwaka mmoja na kidogo. Hata kutembea hajatembea vizuri. Mimi ni Mkristo, mzee, nisahihishe nikipotea. Katika dini yenu, mtoto wa umri huo saumu ni faradhi kwake?"

Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ya Bi Thuraya.

"Mtoto hafungi, Majid. Wewe mwenyewe ulikuwa ukila mkate wa kumimina mchana kweupe mpaka unakwenda madrasa, na hakuna aliyekufungia kwenye kasha."

"Bibi," Masolwa akauliza pazia, "wewe ulijua liko humu?"

"Hukuniuliza, mwanangu."

Mzee Majid alianza kucheka kimyakimya, mabega tu. Kisha kicheko kikamshinda, akalazimika kujifuta macho kwa kilemba. Akautoa ule mfuko kwa mikono miwili, akazikagua pembe zake, akamkabidhi Masolwa.

"Mpelekee. Mwambie nyuzi nimezilegeza, azikaze polepole. Na mwambie..." Akalifunga kasha. "Mwambie hivyo tu."

Uani, Tufaha aliuona mfuko kabla ya kumwona aliyeubeba. Alilisoma jina lililodariziwa mara moja, akakaa mkekani, akavuta upindo wa kanga usoni.

"Amesema nini?" akauliza hatimaye.

"Uzikaze nyuzi polepole."

"Na hili jina, amesema nini?"

"Hilo hakulisema, binti. Amelidarizi."

Kesho yake Kwihara kulikuwa na vumbi na furaha. Watu wa redio walikuwa wameegesha gari lao karibu na shule ya kijiji, jenereta inanguruma mbali ili isiingie kwenye kanda, na darasa moja limezibwa madirisha kwa mablanketi. Kwaya ya wanakijiji ilikuwa imemaliza kuimba juu ya mahindi. Masolwa hakuwa na kazi pale, lakini alikwenda. Aliketi kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma, akatazama kulia, akatazama kushoto, akashika kifuniko cha chupa ya chai.

"Asalamu alaikum, Inspekta."

Mzee Majid alikuwa akishuka kwenye lori la ushirika, kanzu yake imejaa unga. Masolwa akakaza kifuniko.

"Shikamoo, mzee. Umekuja kusikiliza?"

"Marahaba. Mimi? Nimefunga, sisikilizi muziki. Napita tu."

"Unapita Kwihara kwenda wapi?"

"Hii ni njia ya misafara, kijana. Watu wote wa maana wamepita hapa." Akaketi kando yake, mgongo ukutani, chini ya dirisha lenye blanketi.

Ndani fundi wa redio alikuwa akijaribu mitambo. Sauti yake ilipenya vizuri. "Dada, tunaweka jina kwenye kanda. Nimeandikiwa hapa Tufaha. Ni hivyo tu?"

Mzee alikuwa ameshika tasbihi bila kuisogeza.

"Hapana," sauti ya Tufaha ikasema. "Andika Tufaha binti Majid Humaidi."

Mzee alitazama mbele, kuelekea kwenye tembe la zamani lililoonekana ng'ambo ya mashamba, na macho yake yalikuwa yamejaa. Kisha ngoma zikaanza, gitaa likaingia, na treni ya Mpanda ikaondoka stesheni, ikisimama kila mahali kusalimia, mninga wa Sikonge ukiunguruma mpaka kuku wa kijiji wakahama. Masolwa hakuwa mjuzi wa roki. Alijua tu kwamba mguu wake ulikuwa ukipiga chini bila ruhusa yake.

Wimbo ulipokwisha, fundi akasema watarudia mara moja zaidi kwa usalama. Mzee Majid akamsogelea Inspekta, akanong'ona.

"Uzi wa tatu umeshuka. Kidogo sana, lakini umeshuka. Mwambie."

Masolwa alipangusa vumbi la suruali. Alilifikiria jambo hilo kama afisa wa upelelezi.

"Mwambie mwenyewe, mzee. Kesi yangu imekwisha."

Mzee alimkodolea macho. Alitazama mlango wa darasa. Akasimama, akakung'uta unga wa mahindi kwenye kanzu, akaiweka sawa kofia, akaingia. Halafu uzi ukalia ndani, ukapanda kidogo, ukalia tena, na sauti mbili zikaanza kubishana, hiyo bado, hiyo imefika, wewe baba una sikio la ganuni, wewe mtoto una sikio la kuku. Na mtu wa redio akawaomba wote wawili watulie kwa sababu kanda inazunguka.

Masolwa alijikuta yuko peke yake nyuma ya ukuta, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame. Akafungua chupa. Chai ilikuwa imepoa kabisa, na aliinywa yote.